Mpira umeponyoka: uulalie, uuokote ukimbie, au umfungulie mwenzako njia?

Mbebaji amegongwa, kiwiko kimeachana na mbavu, mpira umemponyoka. Uko chini. Kwa mlinzi wa futiboli ya Kimarekani aliye hatua mbili kutoka hapo, hakuna nafasi nyingine katika mchezo yenye uzito kama hii. Akiupata, amewanyang'anya wapinzani zamu yao papo hapo. Akiukosa, wameponea chupuchupu na wanajipanga upya. Muda wa kuamua haufiki sekunde moja.

Walinzi wengi wanaopoteza nafasi hiyo hawaipotezi kwa uzembe wala kwa kukosa mbio. Wanaipoteza kwa sababu mwili unajaribu mambo mawili kwa wakati mmoja. Magoti yanashuka ili kuulalia mpira, mikono inanyooka ili kuuokota, na mpira unachomoka katikati ya nia hizo mbili. Dawa yake ni kuamua mapema, kabla mchezo haujaanza, ukijua njia zilizopo na gharama ya kila moja. Hizo ndizo ninazozipanga hapa sambamba: kuulalia mpira, kuuokota na kukimbia nao, na kumwachia mwenzako aliye karibu zaidi huku wewe ukimzibia mpinzani njia. Ipo na ya nne, ya kutougusa kabisa, ambayo inafaa kwa nadra, lakini siku inapofaa huokoa mechi nzima.

## Vipimo kwanza

Umati. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kwanza, na vingine vyote vinakifuata. Hesabu jezi za wapinzani zilizo karibu na mpira sawa na wewe au kukuzidi. Wenzako usiwahesabu, wala wapinzani waliosimama mbali. Unachohesabu ni mikono inayoweza kuufikia mpira kabla hujasimama wima nao.

Mpira wenyewe. Mpira wa mchezo huu una ncha mbili, urefu wa inchi 11 hivi, yaani kama sentimita 28, na uzito wa aunsi 14 hadi 15. Umbo hilo halidundi kama duara. Ukitua kwa ubavu unaweza kutulia kama yai kiotani. Ukitua kwa ncha unaruka upande usioutazamia, unadunda chini chini mara mbili, kisha ghafla unapanda hadi kiunoni. Mpira uliotulia au unaobingirika taratibu unaokoteka. Mpira unaorukaruka unahitaji kunaswa kwa mwili mzima. Mvua, theluji na mikono yenye jasho vyote huvutia upande wa kuulalia.

Sheria za ngazi unayochezea. Hapa ndipo wanaohama ngazi hujikwaa. Katika NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, mchezaji aliyeanguka na mpira bila kuguswa na mpinzani anaruhusiwa kuinuka na kukimbia. Katika futiboli ya vyuo vikuu chini ya NCAA, na katika shule za sekondari za Marekani, goti likigusa nyasi ukiwa umeshika mpira, mchezo umekwisha pale pale, hata kama hakuna aliyekukaribia. Kwa hiyo kuulalia mpira katika NFL kunakuachia uwezekano wa kuinuka, na chuoni hakukuachii kitu zaidi ya mpira wenyewe.

Saa, ubao na jaribio. Timu inayoongoza kwa pointi 10 zikiwa zimebaki dakika mbili inahitaji mpira tu. Timu iliyo nyuma kwa pointi 5 zikiwa zimebaki sekunde 20 inahitaji tachidauni, yaani bao la pointi sita la kuufikisha mpira katika eneo la bao la wapinzani, mwisho wa uwanja. Jaribio la nne, yaani la mwisho la washambuliaji kabla hawajaupoteza mpira, lina hesabu yake ya pekee, na huko ndiko walinzi wazuri wameumbuka.

Mahali uwanjani. Mpira ulioponyoka ukitoka nje kwenye mstari wa pembeni hurudi kwa timu iliyouangusha. Ukiponyoka kwa washambuliaji, ukabingirika hadi ndani ya eneo la bao unalolilinda na kutokea nyuma au pembeni mwa eneo hilo, ni tachibeki: timu yako inapewa mpira kwenye mstari wa yadi 20. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili inaweza kuwa hatua moja ya mpira.

Mwili wako. Nimekiweka mwisho kwa makusudi. Watu hukianza hiki, wakisema jitu la safu ya mbele lilale na beki mwepesi akimbie. Ni kweli kiasi, lakini umati na umbali vina kauli kubwa kuliko kilo zako.

## Kuulalia

Unavyofanyika. Usijirushe juu ya mpira kwa tumbo. Mpira ukibanwa kati ya kifua na ardhi huchomoka kama sabuni iliyolowa, na pumzi zako zinatoka pamoja nao. Shuka kwa ubavu, ukiteleza kwa nyonga na paja, huku mgongo wako ukiwaelekea wapinzani. Uvute mpira tumboni kwa mikono yote miwili, panda magoti juu kuufunika, ingiza kidevu kifuani, jikunje kama mtoto tumboni mwa mama. Ncha moja iwe kiganjani, nyingine ibanwe na kiwiko. Halafu ngoja. Watakuangukia watu, vidole vitapenya kutafuta mpira, mtu atakuvuta mkono. Kazi yako haijaisha mpaka refa akuone unao. Katika rundo la namna hiyo refa hampi mpira aliyeugusa kwanza, humpa anayeonekana kuumiliki. Na ukishikwa sawasawa na watu wawili wa timu mbili, huenda kwa timu iliyouangusha. Kuulalia nusu nusu, kwa hiyo, ni sawa na kuwarudishia.

Unachopata. Mpira. Hilo pekee ni kubwa, kwa sababu washambuliaji wako sasa wanaanza na majaribio yao manne bila kusubiri kupigiwa mpira kutoka mbali. Na kuna mahali ambapo kuulalia kunaleta pointi sita bila hatua moja ya kukimbia: ndani ya eneo la bao la wapinzani. Katika Super Bowl 50, fainali ya NFL, tarehe 7 Februari 2016, Von Miller wa Denver Broncos alimpokonya mpira kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) Cam Newton karibu kabisa na mstari wa bao wa Carolina Panthers. Mpira ukaingia eneo la bao, na Malik Jackson akauangukia. Hakuhitaji mbio zozote. Ile ikawa tachidauni ya kwanza ya mchezo ambao Broncos waliushinda kwa 24 kwa 10.

Unachohatarisha. Yadi ulizoziacha mbele yako. Mlinzi aliyelala peke yake kwenye nyasi tupu, mpinzani wa karibu akiwa yadi kumi nyuma, ameinyima timu yake bao ambalo lingeweza kuamua mechi. Kosa hili halionekani kwenye ubao, ndiyo maana makocha wengi hulisamehe haraka. Mimi nadhani linastahili kuzungumzwa mazoezini kama makosa mengine, ila kwa sauti ya chini kuliko kosa la kuupoteza mpira.

Kuna na hatari ya mwili. Aliye chini hana namna ya kuyakwepa magoti ya wengine. Anayeshuka kichwa kikiwa kimetangulia anajitafutia jeraha la shingo. Ubavu kwanza, kila mara.

Unamfaa nani. Aliye katikati ya umati, wa umbo lolote. Mlinzi wa safu ya mbele ambaye mpira umeangukia miguuni mwake na washambuliaji wakubwa watatu wamemzunguka. Timu inayoongoza mwishoni mwa mechi. Na mchezaji mchanga ambaye bado mikono yake haijazoea kuokota kwa mbio, kwa sababu kuulalia hujifunzwa kwa wiki, na kuokota hujifunzwa kwa msimu.

## Kuuokota na kukimbia

Unavyofanyika. Hii ndiyo njia inayopendwa kupigiwa makofi, na ndiyo inayodai nidhamu zaidi. Usiuendee mpira uso kwa uso, maana mguu wako utaupiga teke. Uendee ukiwa kidogo upande, ili mguu mmoja upite kando yake. Kunja magoti, shusha nyonga. Anayeinama kwa mgongo tu hufika kwa vidole badala ya viganja. Viganja viingie chini ya mpira, vidole vidogo vikikaribiana, na uuinue hadi kifuani kwa mikono miwili. Macho yabaki kwenye mpira mpaka ubanwe. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanainua macho kutazama njia nusu sekunde mapema, na mpira unabaki nyuma yao.

Ukiugusa na usikae mikononi, usijaribu kuuokota mara ya pili. Jaribio la kwanza ni la kuokota, la pili ni la kuulalia. Ningeomba kila mlinzi aishike kanuni hiyo hata kama atasahau mengine yote, kwa sababu mara ya pili umati umeshafika.

Ukishaubana, ncha ya mbele iwe kiganjani, ncha ya nyuma kwenye kunjo la kiwiko, mpira ukigandamana na mbavu, katika mkono ulio mbali na wapinzani. Kisha tafuta mstari wa pembeni ulio karibu. Huko wanaokukimbiza wanatoka upande mmoja tu. Katikati wanatoka pande zote.

Unachopata. Yadi, au bao kamili. Tarehe 19 Novemba 1978, New York Giants walikuwa mbele kwa 17 kwa 12 dhidi ya Philadelphia Eagles, sekunde zikiwa zinakwisha. Kwotabeki Joe Pisarcik alijaribu kumkabidhi mpira Larry Csonka, mpira ukaanguka, ukadunda, na beki Herman Edwards akauchukua na kukimbia yadi 26 hadi eneo la bao. Eagles walishinda 19 kwa 17. Angeulalia, timu yake ingebaki na sekunde chache za kutafuta tachidauni kutoka yadi 26. Saa ilikuwa imemwamulia.

Wala si mabeki peke yao. Tarehe 15 Januari 2023, katika mchezo wa mtoano, Cincinnati Bengals na Baltimore Ravens walikuwa sare 17 kwa 17 katika robo ya nne. Kwotabeki Tyler Huntley alinyoosha mpira juu ya rundo kwenye mstari wa bao, Logan Wilson akaupiga ukatoka, na Sam Hubbard, mlinzi wa safu ya mbele, akaudaka na kukimbia yadi 98. Bengals walishinda 24 kwa 17. Mpira ulimfikia ukiwa hewani na mbele yake palikuwa wazi, basi uzito wake haukuwa na la kusema. Rekodi ya NFL ya umbali kwa kurudisha mpira ulioponyoka ni yadi 104, aliyoiweka Jack Tatum mwaka 1972 na kufikiwa na Aeneas Williams mwaka 2000.

Unachohatarisha. Kwanza, kuukosa kabisa. Pili, kuupata na kuupoteza tena, na hapo wapinzani wanapata zamu mpya kabisa. Tatu, mbio zenyewe.

Leon Lett wa Dallas Cowboys aliokota mpira katika Super Bowl XXVII, tarehe 31 Januari 1993, akakimbia yadi 64 peke yake. Karibu na mstari wa bao alipunguza mwendo na kuunyoosha mpira pembeni. Don Beebe wa Buffalo Bills, aliyekuwa hajakata tamaa, alimfikia na kuupiga ukatoka nje kupitia eneo la bao. Tachidauni ikageuka tachibeki ya Bills. Cowboys walikuwa mbele sana na walishinda 52 kwa 17, hivyo hakuna kilichoharibika isipokuwa kumbukumbu. Katika mechi ya pointi tatu, hiyo ingekuwa mechi yenyewe.

Jim Marshall wa Minnesota Vikings, tarehe 25 Oktoba 1964, aliokota mpira wa San Francisco 49ers na kukimbia yadi 66 kuelekea eneo lake mwenyewe. Aliutupa nje akidhani amefunga, na wapinzani wakapata pointi mbili za sefti, zile wanazopewa wapinzani mpira unapofia katika eneo lako mwenyewe. Vikings walishinda hata hivyo, 27 kwa 22. Marshall alikuwa mlinzi hodari, si mtu wa kudharauliwa. Kilichompata kinaweza kumpata yeyote aliyezunguka mara mbili akitafuta mpira miguuni mwa watu. Ndiyo maana ukishaokota, tazama kwanza wenzako wanakimbilia wapi.

Na kuna hatari ya kukatisha kuelekea ndani. Tarehe 15 Januari 2006, Indianapolis Colts walikuwa nyuma kwa 21 kwa 18 dhidi ya Pittsburgh Steelers, karibu na mwisho kabisa. Jerome Bettis aliponyokwa na mpira karibu na mstari wa bao, na Nick Harper wa Colts akauokota mbele yake pakiwa karibu wazi. Aligeukia ndani, na kwotabeki Ben Roethlisberger, mtu ambaye kazi yake si kukaba, akamnasa mguu akiwa anaanguka. Steelers walishinda kwa matokeo hayo hayo. Naikumbuka mechi hii kila nikisikia mtu akisema kwotabeki si wa kuogopwa baada ya mpira kuponyoka. Mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kati yako na bao.

Unamfaa nani. Aliye peke yake, au mwenye hatua mbili za uhakika mbele ya mpinzani wa karibu. Beki wa nyuma anayefika kwa kasi huku mpira ukitoka kwenye umati kuja kwake. Mlinzi wa pembeni aliyempokonya kwotabeki kutoka nyuma, kwa kuwa pale washambuliaji wengi wamempa mgongo. Na timu iliyo nyuma ambayo saa imeshaifungia milango mingine.

## Kumwachia mwenzako na kuziba njia

Unavyofanyika. Umeona mpira, na umeona mwenzako ataufikia kabla yako. Geuka. Mtafute mpinzani atakayemfikia wa kwanza, simama kati yao, mzuie kwa mbele, kifua kwa kifua. Ukiwa bado unaukimbilia mpira mwenyewe una haki ya kumsukuma mpinzani anayekuzuia kuufikia, ila kumshika na kumng'ang'ania ni kosa. Mwenzako akishaumiliki, hesabu inabadilika. Kumsukuma mtu mgongoni ni kosa, na kumgonga kwa nguvu asiyekuona ni kosa pia. NFL iliikaza sheria hiyo ya pili mwaka 2019. Kosa moja kama hilo kando ya njia linafuta tachidauni nzima.

Unachopata. Mpira unaookotwa kwa utulivu, na mbio zenye mlinzi pembeni. Walinzi wawili wanaoukimbilia mpira mmoja hugongana vichwa, na mpira unabaki kwa wa tatu. Hubbard alipokuwa akikimbia yale yadi 98, Mark Andrews wa Ravens alikuwa akimkaribia, na mwenzake Hubbard akajiweka katikati yao bila kumsukuma mgongoni. Hesabu rasmi hazimpi pointi mtu huyo. Makocha wanaotazama video humwona.

Unachohatarisha. Kudhani mwenzako anaupata kumbe haupati. Ukigeuka mapema na mpira ukaruka upande wako, mgongo wako uko kwenye mpira. Kwa hiyo njia hii inahitaji sauti. Aliye karibu apige kelele, neno moja mlilokubaliana, na aliye mbali aligeukie hilo neno wala asitegemee kukisia. Timu isiyopiga kelele iiache njia hii kwa muda.

Unamfaa nani. Mlinzi wa pili au wa tatu kufika. Wa safu ya mbele aliyezidiwa mbio lakini anajua kuziba. Na mlinzi yeyote anayeona kwotabeki bado yuko wima: mtu huyo mzibe wewe.

## Kutougusa

Sihesabu hii kama njia kamili, kwa kuwa mlinzi anayezoea kuacha mipira atajuta. Lakini kuna siku.

Tarehe 25 Novemba 1993, kwenye theluji, Cowboys walikuwa mbele kwa 14 kwa 13 dhidi ya Miami Dolphins na zilikuwa zimebaki sekunde 15 tu. Walizuia mkwaju wa Dolphins wa kutafuta pointi tatu, mpira ukaanguka na kuanza kuzunguka kwenye theluji. Ungeachwa tu, ungekuwa wa Cowboys na mechi ingekwisha. Leon Lett, yule yule, aliukimbilia, akateleza na kuugusa, na mguso ule ukaufanya mpira kuwa wa yeyote atakayeuwahi. Dolphins wakauwahi karibu na mstari wa bao, wakapiga tena na kushinda 16 kwa 14. Nasikitika kila ninapoitazama, kwa sababu nia yake ilikuwa ile tunayowafundisha walinzi wote: ukiona mpira, nenda. Mpira wa mkwaju uliozuiwa si mpira ulioponyoka mkononi mwa mbebaji, na mlinzi ajue tofauti hiyo kabla theluji haijaanguka.

Upande mwingine ni kuupiga mpira kofi. Katika NFL mlinzi haruhusiwi kuupiga mpira ulioponyoka kuelekea mstari wa bao wa wapinzani, wala kuupiga upande wowote ukiwa ndani ya eneo la bao, na adhabu ni yadi 10. Tarehe 5 Oktoba 2015, Kam Chancellor wa Seattle Seahawks alimpokonya mpira Calvin Johnson wa Detroit Lions karibu na mstari wa bao. Mpira ukaingia eneo la bao, na K.J. Wright akaupiga kwa mkono utoke nyuma. Marefa hawakupuliza kosa, Seahawks wakapewa tachibeki na kushinda 13 kwa 10, na baadaye NFL ilikiri kwamba adhabu ilistahili. Wright alikuwa na njia nyingine mbili zenye zawadi ile ile bila kosa lolote: kuulalia ndani ya eneo la bao, au kuuacha utoke wenyewe.

## Njia ambayo hakuna aliyeichagua

Kabla ya ushauri wa hali kwa hali, niseme jambo linalonigusa zaidi. Katika robo ya nne ya ile Super Bowl 50, Broncos wakiwa mbele kwa 16 kwa 10, Miller alimpokonya Newton mpira tena. Mpira ulikuwa chini, karibu na Newton mwenyewe. Alianza kuuendea, kisha akarudi nyuma, na T.J. Ward wa Broncos akaumiliki. Newton alikuwa mshambuliaji, lakini mwili uliosita ni ule ule wa mlinzi anayeinama nusu. Watu walimhukumu kwa ushujaa. Mimi naona mtu ambaye hakuwa ameamua mapema, na mpira haukumngoja.

Kuulalia vibaya bado kunaweza kufaulu, na kuokota kwa pupa hufaulu mara mojamoja. Kusita ndiko kunakoshindwa karibu kila mara. Kwa hiyo ikiwa umebaki katikati na hujui, lala. Ni uamuzi unaobakiza mpira kwako hata ukiwa umekosea kuhesabu umati.

## Kwa hali uliyonayo

Umati umekuzunguka, mpira uko miguuni: lala kwa ubavu, ngoja refa. Hili halibadilishwi na umbo lako, wala na ubao, isipokuwa timu yako iko nyuma na zimebaki sekunde za kutafuta bao moja tu.

Uko peke yako uwanjani, mpira umetulia: okota. Katika NFL hata ukiteleza na kuuangukia, kama hujaguswa, inuka uendelee. Chuoni na sekondari goti lisiguse.

Mpira unarukaruka mbele yako na mpinzani mmoja yuko sambamba nawe: usimshindanie mdundo. Weka mwili wako kati yake na mpira, kisha uuangukie.

Timu yako inaongoza na saa inakwisha: lala hata kama njia ni nyeupe. Baada ya hapo washambuliaji wenu watapiga goti na mpira kuimaliza saa, na mechi itaisha bila wapinzani kuugusa mpira tena.

Ni jaribio la nne na wapinzani hawajafikia yadi walizohitaji: upate na ulale. Walikuwa wanakupa mpira hata bila kuuangusha. Katika mchezo wa mtoano wa tarehe 14 Januari 2007, Marlon McCree wa San Diego Chargers alinasa pasi ya jaribio la nne ya New England Patriots. Angeiangusha tu chini, mpira ungekuwa wao. Alikimbia nayo, Troy Brown akampokonya, Patriots wakauokota na wakapata majaribio mapya. Walishinda 24 kwa 21. Ilikuwa pasi iliyonaswa, lakini hesabu ni ile ile kwa mpira ulioponyoka.

Uko karibu na eneo lako la bao na mpira unabingirika kuingia humo: lala ndani yake, au ukiona hakuna mpinzani atakayeuwahi, uache utoke. Ukiuokota na kutoka nao, usirudi tena ndani ukitafuta nafasi. Ukikabwa huko baada ya kutoka, ni sefti na umewapa pointi mbili.

Dakika mbili za mwisho, NFL, na timu yako iko nyuma: kumbuka kwamba katika kipindi hicho, upande wa washambuliaji, aliyeangusha ndiye pekee anayeruhusiwa kusonga mbele na mpira akiuokota. Sheria hiyo haikuhusu wewe mlinzi. Ukiona nafasi ya wazi, okota na ukimbie.

Mwenzako ameshainama kuokota: mtafute kwotabeki.

Filimbi imelia, au pasi ilionekana kuanguka bila kukamilika, na huna uhakika kama mpira ulikuwa hai: uokote hata hivyo, mara moja, bila kumtazama refa. Katika NFL, marudio ya video yakionyesha kwamba ulikuwa umeponyoka, na wewe uliumiliki papo hapo kwa wazi, timu yako hupewa mpira mahali ulipouokotea, ingawa mbio za baada ya hapo hazihesabiwi. Aliyesimama akisubiri ishara hapewi chochote.